Kyrgyzstan Ilinyoosha Miale, Ikawasahau Wenye Bendera

Tarehe 20 Desemba 2023 Bunge la Kyrgyzstan, Jogorku Kenesh, lilipitisha sheria ya kubadili bendera ya taifa. Siku mbili baadaye Rais Sadyr Japarov akaitia saini. Wekundu ulibaki, jua la manjano likabaki katikati, na miale yake ikabaki 40. Kilichobadilika ni umbo la miale hiyo: ile ya zamani ilikuwa imejipinda, ya sasa imenyooka.

Nje ya Asia ya Kati habari hii ilipokelewa kwa kicheko: kuna nchi imebadili bendera kwa sababu ilifanana na alizeti! Ndani ya nchi, waliopinga waliambiwa wanapiga kelele kwa jambo dogo, kwa mistari tu. Kwa maoni yangu serikali haikutendewa haki na wale waliocheka, lakini waliopinga ndio walioeleweka vibaya zaidi, nao walieleweka vibaya na watu wao wenyewe. Hawakuwa wakigombea mchoro.

Nianze na upande wa serikali. Mswada uliletwa na Spika Nurlanbek Shakiev pamoja na mbunge Ulan Primov. Walidai kwamba jua la bendera ya 1992 mtu akilitazama haoni jua bali alizeti, na kwa Mkyrgyz kuitwa alizeti ni kutukanwa: ni kuambiwa huna msimamo, unageuza uso kumwelekea yeyote mwenye nguvu. Msomaji wa Kiswahili haoni ugumu hapo, kwani sisi tuna yetu ya bendera kufuata upepo. Japarov naye aliiunga mkono hoja hiyo hadharani.

Historia ya karibuni inaipa tuhuma ya alizeti mashiko kuliko wanavyodhani waliocheka. Mwaka 2001 Marekani ilifungua kambi ya kijeshi kwenye uwanja wa ndege wa Manas, nje ya mji mkuu Bishkek, kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Mwaka 2003 Urusi nayo ikafungua yake Kant, umbali mfupi upande wa pili wa mji huohuo. Februari 2009 Rais Kurmanbek Bakiyev alikuwa Moscow, akaahidiwa mkopo na misaada ya zaidi ya dola bilioni mbili, na hapohapo akatangaza kwamba Wamarekani waondoke. Haikupita miezi mitano Wamarekani wakapandisha kodi kutoka dola milioni 17 hivi hadi milioni 60 kwa mwaka, kambi ikabadilishwa jina ikaitwa kituo cha kupitishia mizigo, na ndege zikaendelea kuruka mpaka 2014. Raia aliyeishi miaka ile akisikia Spika anasema taifa lake limekuwa alizeti, hana sababu ya kucheka.

Wala Shakiev hakuwa mtu wa maneno tu. Baadaye aliliacha jina lake la ukoo lenye mwisho wa Kirusi, akajiita Nurlanbek Turgunbek uulu, kwa namna Wakyrgyz walivyoitana kabla ya makarani wa Urusi kuandika majina yao. Julai 2023, miezi michache kabla ya suala la bendera, ilitiwa saini sheria inayowataka watumishi wa umma na viongozi kuijua lugha ya Kikyrgyz. Mwaka 2021 serikali ya Japarov ilichukua usimamizi wa mgodi wa dhahabu wa Kumtor uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kanada, na mwaka uliofuata umiliki wote ukawa wa nchi. Ukiyaweka haya pamoja utaona mkondo mmoja wa fikra, hata kama hukubaliani nao, na miale kunyooshwa ni sehemu yake.

Tena kubadili bendera si jambo geni katika eneo hilo. Turkmenistan iliongeza matawi mawili ya mzeituni kwenye bendera yake mwaka 1997, ikiadhimisha Umoja wa Mataifa kuutambua msimamo wake wa kutofungamana na upande wowote hapo Desemba 1995. Hakuna aliyeona dunia imepinduka.

Hoja nzito kuliko zote ya serikali, hata hivyo, ni nyingine. Bendera ya 1992 nayo haikuulizwa kwa wananchi. Kyrgyzstan ilipokelewa Umoja wa Mataifa tarehe 2 Machi 1992, na kesho yake, tarehe 3, ndipo bendera ikapitishwa. Ilichorwa na wasanii watano, Edil Aidarbekov, Bekbosun Jaichybekov, Sabyr Iptarov, Jusup Matayev na Mamatbek Sydykov, ikapigiwa kura na bunge lililochaguliwa mwaka 1990, wakati Muungano wa Kisovieti ulikuwa bado umesimama. Kama bunge la namna hiyo lilikuwa na haki ya kuipa nchi bendera, kwa nini bunge la 2023 lisiwe na haki ya kuirekebisha?

Ni swali la haki, na kulijibu kunataka kwanza kuitazama bendera yenyewe. Kilicho ndani ya jua lile ni tunduk, duara la mbao lililo kileleni mwa yurta, hema la wafugaji. Nguzo za paa zote huchomekwa humo, moshi hutokea humo, na mwanga wa asubuhi huingilia humo. Ukilala chali ndani ya yurta ukatazama juu, utaona kile kilichochorwa kwenye bendera: duara na fito zinazokatizana, na anga nyuma yake. Kuta za hema huchakaa zikabadilishwa, manyoya ya kufunika hutengenezwa upya, lakini tunduk hurithishwa. Mtoto hupewa tunduk ya baba yake, naye huijengea hema jipya. Hata mfumo wa kidijitali ambao serikali ya Bishkek huutumia kuunganisha huduma zake umepewa jina hilo.

Miale 40 ni kabila 40 ambazo, kwa mapokeo, shujaa Manas aliziunganisha. Utenzi wa Manas, ule ambao Sayakbay Karalaev aliuimba kwa beti za mistari karibu nusu milioni, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Wekundu nao unahusishwa na bendera ya Manas, jambo lililowasaidia waliochora 1992 kubaki na rangi iliyokuwa pia ya enzi ya Kisovieti. Kazakhstan ilikwenda kwenye buluu ya anga, Turkmenistan kwenye kijani. Wakyrgyz walibaki na nyekundu, wakaipa ukoo wa zamani zaidi.

Hayo yote yalikuwa maana ya kuandikiwa. Kanuni inasema rangi hii ni ushujaa, mwale huu ni kabila. Kila bendera huzaliwa na karatasi ya namna hiyo, na karatasi hiyo haijawahi kumfanya mtu yeyote alie. Kinachomliza ni yale yaliyotokea bendera ikiwa mkononi.

Na Kyrgyzstan yalitokea mengi. Machi 2005 umati uliliingia jengo kuu la serikali Bishkek na Rais Askar Akayev akakimbia nchi. Aprili 2010 walinzi waliwafyatulia risasi waandamanaji mbele ya jengo hilohilo, zaidi ya watu 80 wakafa, na Bakiyev naye akakimbia. Oktoba 2020 uchaguzi wa bunge uliotiliwa shaka ukaleta ghasia za tatu, zilizomtoa Japarov gerezani na kumfikisha ikulu katika muda wa siku chache. Mara zote tatu bendera ya miale iliyojipinda ilikuwa mitaani, mabegani mwa watu. Mwaka 2021 na tena 2022 mapigano ya mpakani na Tajikistan yaliua makumi ya watu upande wa Batken, askari na raia, na waliokufa wakiilinda ardhi hiyo waliapa mbele ya bendera hiyo. Mwaka 2000, Sydney, mwanajudo Aidyn Smagulov aliipatia nchi medali yake ya kwanza ya Olimpiki tangu uhuru, na bendera hiyo ikapandishwa mbele ya dunia.

Hapa ndipo lilipo jibu kwa swali la serikali. Mwaka 1992 bendera ilikuwa kitambaa kipya kisicho na mwenyewe, na bunge lolote lingeweza kukichagua. Kufikia 2023 kilikuwa na miaka 31 ya watu ndani yake. Bunge la 1992 halikumnyang'anya mtu kitu. La 2023 liligusa kitu ambacho watu walikwisha kukilipia. Aliyempoteza mwanawe uwanjani Aprili 2010 akiambiwa kwamba bendera aliyokuwa nayo kijana ilikuwa ua la aibu, na kwamba hiyo ndiyo sababu nchi haisimami, atakuwa mtu wa ajabu asipochukia.

Ndiyo maana naona hoja ya alizeti iliharibu zaidi ya ilivyotengeneza. Serikali ingeweza kusema: bendera yetu ni nzuri, tunataka kuifanya ionekane vizuri zaidi kwa mbali. Badala yake ilisema bendera ilikuwa ikitufundisha utumwa. Kauli ya namna hiyo inahukumu miaka yote iliyopita na kila aliyesimama chini ya kitambaa kile, na waliopinga waliisikia hivyo. Aliyewajibu kwa kusema ni miale tu alikuwa hajawasikiliza.

Halafu kuna suala la namna jambo lilivyofanyika. Mwaka 2021 peke yake raia wa Kyrgyzstan waliitwa vituoni mara tatu. Tarehe 10 Januari walimchagua rais, na siku hiyohiyo wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka mfumo wa rais au wa bunge. Tarehe 11 Aprili wakaitwa tena kwa kura ya maoni ya katiba mpya, pamoja na chaguzi za mitaa. Tarehe 28 Novemba wakachagua bunge. Waliojitokeza Januari na Aprili hawakufika asilimia 40 ya wapiga kura, lakini waliulizwa, na serikali ilijivunia kwamba waliulizwa. Miaka miwili baadaye ilipofika zamu ya bendera, kitu ambacho hata mtoto wa shule anakijua kuliko ibara yoyote ya katiba, bunge lile la Novemba 2021 likatosha.

Nimelipima jambo hili mara nyingi na sioni sababu ya kuridhisha. Haiwezi kuwa gharama, kwa kuwa nchi iliyomudu kura tatu ndani ya miezi kumi na moja ingeweza kusubiri na kuongeza swali moja kwenye karatasi ya uchaguzi unaofuata. Haiwezi kuwa haraka, kwa kuwa hapakuwa na adui mpakani aliyeogopa miale iliyonyooka. Inayobaki ni kwamba jibu la wananchi halikuwa na uhakika. Na mapema Desemba 2023, mswada ukiwa bado haujapitishwa, mwanaharakati mmoja aliyekuwa akiwaita watu wapinge mabadiliko alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchochea ghasia. Ukimkamata mtu kwa sababu ya bendera, umekwisha kukiri mwenyewe kwamba si mistari tu.

Kinachonisumbua zaidi ni kitakachofuata, na mfano wake upo katika nchi nyingine iliyotoka Muungano wa Kisovieti. Belarus ilipopata uhuru mwaka 1991 ilichukua bendera nyeupe yenye mstari mwekundu katikati. Alexander Lukashenko alichaguliwa 1994, na Mei 1995 akaitisha kura ya maoni iliyorudisha bendera inayofanana sana na ya Kisovieti, bila nyundo na mundu. Nyeupe na nyekundu haikufa. Ilikaa makabatini miaka 25, na Agosti 2020, matokeo ya uchaguzi yalipokataliwa, ilifurika Minsk kila Jumapili. Leo Belarus ina bendera ya serikali na bendera ya wanaoipinga serikali, na mtu hukamatwa kwa kuvaa rangi zisizotakiwa. Huko kura ya maoni ilipigwa, na bado taifa likagawanyika chini ya vitambaa viwili.

Kyrgyzstan haijafika huko, na tofauti ni kubwa. Bendera zake mbili ni ndugu, na kwa mbali, upepo ukiwa mkali, huwezi kuzitofautisha. Lakini ufanano huo ndio unaonitia wasiwasi. Kabla ya Desemba 2023 mpinzani na mfuasi wa serikali wote walibeba bendera moja, kila mmoja akidai yeye ndiye mwaminifu kwake. Mapinduzi ya 2005, ya 2010 na ya 2020 yote yaliwaondoa watawala bila kuigusa bendera, na hiyo ilikuwa akiba kubwa katika nchi inayobadili marais kwa vurugu. Aliyeingia na aliyetoka walikuwa na kitu kimoja cha kusimamia. Sasa anayeitundika ile ya zamani ukutani hana budi kueleza kwa nini. Labda ni uzembe, labda ni kumbukumbu ya marehemu, labda ni upinzani. Polisi wakianza kuuliza ni ipi kati ya hizo, serikali itakuwa imewapa wapinzani wake alama ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuibuni.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wote uliliruka. Mswada uligusa umbo la miale, idadi ikaachwa. Miale 40 ni kabila 40 za Wakyrgyz. Lakini Wauzbeki ni takriban asilimia 14 ya raia, na wamo Warusi, Wadungani, Watajiki na wengine. Juni 2010, miezi miwili baada ya Bakiyev kukimbia, mapigano ya kikabila katika miji ya Osh na Jalal-Abad yaliua watu zaidi ya 400, wengi wao Wauzbeki. Kama ilionekana kuna ulazima wa kufungua tena mazungumzo juu ya jua la bendera na anayeangaziwa nalo, swali la Osh lilikuwa na uzito kuliko la alizeti. Sisemi mwale wa 41 uongezwe, maana Manas ni Manas na utenzi wake haubadilishwi kwa sheria. Nasema tu kwamba serikali iliyothubutu kuishika bendera iliishika mahali pepesi.

Wala miale iliyonyooka haijabadili hali ya mfukoni. Fedha ambazo wafanyakazi walio ugenini, wengi wao Urusi, huwatumia jamaa zao ni sehemu kubwa ya pato la taifa, na miaka kadhaa zilizidi robo yake. Sehemu kubwa ya deni la nje inadaiwa na Benki ya Exim ya China. Kambi ya Kant ipo. Mkopeshaji na mwajiri ni walewale, jua lolote lichorwe.

Nikiwa mkweli kwa upande wa serikali, muda unaweza kuwapa ushindi. Mwanamieleka Aisuluu Tynybekova alipata medali ya fedha Tokyo mwaka 2021 chini ya miale iliyojipinda. Miaka mitatu baadaye, Paris, alipata shaba chini ya iliyonyooka, na Wakyrgyz walishangilia kwa sauti ileile. Bendera mpya imeanza kupata historia yake, kama ile ya kwanza ilivyoanza bila chochote. Watoto wanaoingia darasa la kwanza sasa hawataijua nyingine. Anayetegemea kwamba watu watakasirika milele hajui jinsi watu wanavyozoea.

Lakini kuzoea si kuridhia, na jambo halijafungwa. Mwaka 2024 mazungumzo yalihamia kwenye wimbo wa taifa, nao ukaambiwa umepitwa na wakati. Uchaguzi wa rais umepangwa Januari 2027. Tarehe 10 Januari 2021 nchi hiyo ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kumchagua rais na kujibu swali la kitaifa kwenye foleni moja, siku moja. Swali la bendera lingetosha kwenye karatasi ileile: iliyonyooka au iliyojipinda. Japarov akishinda kura hiyo, waliopinga watakuwa wamepata walichokidai tangu mwanzo, yaani kuulizwa, na wengi wao wataipandisha bendera mpya bila manung'uniko. Akishindwa, itarudi ile ambayo Smagulov aliipandisha Sydney, ikiwa sasa na kura ya wananchi ambayo haikuwahi kuwa nayo mwaka 1992.